Nyumba Iliyouzwa Ndani ya Eda

Baba yangu, Luqmani, fundi cherehani wa Kilindoni, kisiwani Mafia, alifariki siku ya Jumanne baada ya Adhuhuri. Aliugua siku tisa tu. Mwenyezi Mungu amsamehe na ampanulie kaburi lake. Siku ya nne, khitma imekwisha lakini majamvi hayajarudishwa msikitini, baba mdogo Mfaume alikuja na habari za mnunuzi wa nyumba.

Siandiki haya kumsema baba mdogo. Ni mtu mwema, na kaburi la kaka yake alilichimba kwa mikono yake. Naandika kumweleza mama yangu, Mwanahalima. Watu wa Miburani, kitongoji chetu, wanamjua kuwa ni mke wa fundi na msusi wa mikeka, basi. Wengi hawajui kwamba aliuza nyumba ya vyumba vitano bila kukanyaga nje ya mlango wake, bila kuonana uso kwa uso na mnunuzi mwanamume hata mmoja, na akaiuza vizuri kuliko wanaoishi kwa kazi hiyo.

Mjane kwetu hukaa eda miezi minne na siku kumi. Hajipaki manukato, wanja wala hina, hatoki bila dharura, na mwanamume asiyekuwa maharimu wake, yaani anayeweza kumwoa, haonani naye. Shemeji si maharimu. Kwa hiyo siku ile baba mdogo alisimama ukumbini, mama akakaa chumbani nyuma ya pazia, na mimi nikakaa kizingitini, nusu huku nusu kule.

"Shemeji," baba mdogo alisema, "kuna dalali amenijia. Ana mtu wa Dar. Anatoa milioni kumi na nane taslimu. Ila anataka akabidhiwe nyumba mwisho wa mwezi."

"Mwezi gani?"

"Huu huu."

"Mwezi huu nimo ndani mimi."

"Ndiyo, lakini tungekuhamishia kwangu. Chumba kipo. Mama Biubwa ameshakifagia."

"Mwambie mkeo ahsante, akitie kuku. Mimi nimefiwa na mume, sikufiwa na nyumba. Mjane hatolewi nyumbani kwa mumewe mpaka eda iishe, na hilo si langu wala si lako, ni la dini. Halafu hiyo milioni kumi na nane, nani aliyeipima nyumba?"

"Dalali ameiona."

"Ameiona akiwa juu ya pikipiki."

Baba mdogo alinitazama mimi, kama kwamba mimi ndiye niliyesema. Nilikuwa bado nalia kila nikipita penye cherehani ya baba, ambayo ilikuwa na kanzu ya mtu, mkono mmoja umeshonwa na mwingine bado.

Nieleze kwa nini nyumba ilikuwa lazima iuzwe. Baba hakuacha mtoto wa kiume. Aliacha mke, binti mmoja ambaye ni mimi Warda, na ndugu mmoja. Kwa mirathi ya Kiislamu, mke ana thumuni, yaani fungu moja katika manane. Binti ana nusu. Kinachobaki, mafungu matatu katika manane, ni cha ndugu. Baba mdogo alitaka haki yake anunue mashine ya boti, na sisi hatukuwa na uwezo wa kumlipa ili atuachie. Tena mama mwenyewe hakutaka kubaki peke yake katika vyumba vitano. Alikuwa na kiwanja Ndagoni, alichoachiwa na bibi yangu. Msingi ulikuwa umeshajengwa, na matofali yamefunikwa kwa makuti yanangoja. Fundi Makame wa huko alishamwambia: vyumba viwili, baraza na paa la bati, milioni nne na nusu.

Sasa piga hesabu. Thumuni ya milioni kumi na nane ni milioni mbili na robo. Hizo ni kuta bila paa.

Nilimwambia mama, "Nusu yangu si ipo? Chukua."

"Haki yako ni yako. Baba yako hakufa ili nikunyang'anye."

"Basi njoo ukae kwangu Kirongwe. Mume wangu hana neno."

"Hana neno leo. Mimi sizeekei kwa mkwe, Warda, nikiambiwa hapa ndipo pa kuanika nguo na pale usikae. Nataka nyumba ambayo nikifunga mlango nimeufunga mimi." Kisha akasema, "Nina siku mia na ishirini na kitu za kukaa ndani. Mungu amenipa nafasi. Lete karatasi."

Mume wangu aliniruhusu kukaa naye eda yote, Mungu amlipe. Na mimi ndiye niliyekuwa miguu ya mama.

Jambo la kwanza aliloniambia nifanye lilikuwa makaratasi, maana alisema nyumba isiyo na karatasi huuzwa kwa bei ya banda. Ukoo ukakaa kikao, muhtasari ukaandikwa, baba mdogo akachaguliwa kuwa msimamizi wa mirathi. Tukafungua shauri Mahakama ya Mwanzo, tangazo likabandikwa ubaoni, tukangoja muda wake. Wakati huo mimi nilikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji kuthibitisha mipaka ya kiwanja. Jirani mmoja alikuwa amesogeza uzio wake wa miti hatua mbili ndani kwetu, akidai ni mbuzi waliousukuma. Mama alituma neno: "Mwambie mbuzi wake waurudishe kabla ya Ijumaa." Ukarudi Alhamisi.

Jambo la pili lilikuwa matengenezo, na hapo ndipo alipogombana na baba mdogo kwa siku tatu, yeye ndani na shemeji yake nje.

"Tuweke marumaru ukumbini," baba mdogo alisema. "Siku hizi nyumba bila marumaru hainunuliwi. Na madirisha ya vioo."

"Shemeji, anayenunua nyumba ana mambo yake kichwani. Ukimwekea marumaru ya kijani, yeye anataka nyeupe, atavunja. Utakuwa umemvisha bibi harusi nguo atakayoivua. Hatutengenezi cha kupendeza. Tunatengeneza cha kutisha."

"Cha kutisha?"

"Kinachomtisha mnunuzi. Paa linalovuja, choo kisicho na mlango, kisima kichafu, ukuta mweusi. Hivyo vinne. Mnunuzi akiona doa la maji darini, hatoi bei ya bati moja kwenye hesabu yake. Anatoa ya paa zima."

Tukafanya hivyo vinne. Mabati matatu yalibadilishwa, na misumari yote iliyolegea ikatolewa na kutiwa mingine yenye mipira. Kisima kikatolewa matope. Mlango wa choo ukatengenezwa kwa mbao za kitanda cha zamani. Pamoja na chokaa, brashi, ada za mahakama, nakala na nauli zangu, zilitoka laki saba. Mama alizitoa katika fedha zake za mikeka, na baba mdogo akakubali mbele ya mashahidi kwamba zitarudishwa kwanza kabla ya kugawana.

Kupaka chokaa ndiko kulikotuuma. Katika chumba cha cherehani, baba alikuwa na tabia ya kuandika vipimo vya wateja ukutani kwa penseli. Kifua, bega, urefu wa kanzu. Miaka thelathini ya watu wa Kilindoni ilikuwa imeandikwa pale, wengine wameshatangulia mbele ya haki. Fundi wa chokaa alipofika katika ukuta ule akasimama, akaniita. Nikamwita mama. Kutoka chumbani mama akaagiza fundi atoke nje akanywe chai, ndipo akaja. Akafunga mlango, akachukua brashi, akaanza juu kabisa mwenyewe. Nilimsikia anasoma Yaasin huku anapaka. Alipomaliza, nusu ya kanga yake ilikuwa nyeupe.

Alinituma pia niondoe kofia za baba zilizotundikwa, na picha yake. "Mnunuzi akiona kofia ya marehemu," alisema, "atatuonea huruma au ataingiwa na woga. Mimi simuuzii huruma wala simuuzii woga. Namuuzia nyumba."

Jambo la tatu lilikuwa bei.

"Nyumba tatu zimeuzwa karibu na hapa tangu mwaka juzi," aliniambia. "Kaulize."

"Niwaulize waliouza?"

"Aliyeuza atakutajia aliyoitamani. Aliyenunua atakutajia anayojivunia. Kamuulize aliyetia sahihi ya ushahidi. Yeye hana cha kujisifia."

Nilizunguka kwa miguu wiki nzima. Nilileta tatu: milioni ishirini na nne, ishirini na sita, na thelathini na moja. Mama akaziweka mbele yake, akawa anasuka ukili na kuzichambua kama mchele. Ile ya thelathini na moja iko barabarani na ina maji ya bomba, kwa hiyo si mwenzetu. Ile ya ishirini na nne iliuzwa na mtu aliyekuwa anapelekwa hospitali Dar es Salaam. "Bei ya haraka si bei," alisema. Ile ya ishirini na sita ina vyumba vinne, haina kisima, na bati lake ni la zamani. "Sisi tuna chumba cha ziada, kisima, na paa zima. Basi ni ishirini na nane. Tutataja thelathini ili watu wapate cha kupunguza. Chini ya ishirini na nane hatushuki."

Baba mdogo alicheka kule ukumbini. "Taja arobaini, shemeji! Watu wa Dar wana hela."

"Bei ya mzaha huleta wanunuzi wa mzaha. Na nyumba ikikaa mwaka mzima bila kuuzwa, watu huanza kuulizana ina jini gani."

Kulikuwa na jambo moja ambalo mama hakulishinda kwa maneno, ila kwa kukataa tu. Ukuta wa jikoni ulikuwa na ufa, mrefu kama mkono wangu. Baba mdogo akasema tusogeze kabati pale. Mama akasema mtu akificha aibu ya anachokiuza, baraka inaondoka katika zile fedha, na kwamba yeye hataki kuezeka nyumba yake kwa fedha zisizo na baraka. Kabati likabaki mahali pake.

Barua ya usimamizi wa mirathi ilipotoka, mwezi wa tatu wa eda ulikuwa umeingia. Baba mdogo akanipa idhini nitangaze. Nilipiga picha nzuri asubuhi, jua likiwa upande wa mbele, kisha nikaandika tangazo nikalituma katika makundi ya simu. Niliandika hivi: "Nyumba inauzwa Miburani. Vyumba vitano, ukumbi, jiko, choo, kisima, minazi kumi na miwili. Ina karatasi zote. Milioni thelathini." Nikajisifu moyoni kwamba kidato cha nne hakikupotea bure. Mama hana simu ya picha, kwa hiyo hakuliona. Nilimwambia tu, "Nimetangaza."

Walipiga simu wengi. Wengine walitaka kujua kama tunapokea kidogo kidogo. Mmoja alitaka kubadilishana na gari. Wa maana alikuwa Aqeel, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Kilindoni, aliyetaka nyumba ya kupangisha watumishi. Nilipomweleza kwamba mwenye neno yuko ndani ya eda, akasema, "Basi nitamleta mama. Hayo ni ya kwao."

Bi Sugra, mama yake, ni wa jamaa za Kihindi waliozaliwa hapa hapa kisiwani, na Kiswahili chake ni cha Kilindoni kabisa. Ni mjane naye. Alifika na fimbo yake, akamwacha Aqeel ukumbini na baba mdogo, akaizunguka nyumba peke yake. Aligonga kuta kwa fimbo. Alitazama dari hadi shingo ikamuuma. Aliniambia nimtekee maji ya kisimani, akayaonja, akayatema kwa adabu pembeni. Kisha akaingia chumbani kwa mama, akakaa kitandani bila kuambiwa.

"Assalamu alaykum. Makiwa na pole, mwanangu."

"Wa alaykum salaam, Bi Sugra. Shikamoo. Nisamehe sikuja kukupokea mlangoni."

"Marahaba. Ningekuona mlangoni ningekusema. Mimi nilipokaa eda yangu nilikuwa kama kuku anayelalia mayai. Nilinenepa mpaka pete haitoki."

"Mimi nimekonda."

"Basi wewe mumeo ulimpenda."

Wakacheka wote wawili. Tangu msiba sikuwa nimemsikia mama akicheka, na nilitoka nikajifanya nachukua maji.

Niliporudi walikuwa wameshaanza.

"Kabla hujaniambia bei yako," mama alikuwa anasema, "kuna ufa jikoni, bila shaka umeuona. Na kisima wakati wa kiangazi maji yake yanaingia chumvi. Ya kuoga na kufulia sawa, ya kunywa hapana."

Huko ukumbini baba mdogo akakohoa kama aliyemeza mwiba.

"Nimeviona na nimevionja," Bi Sugra alisema. "Nilikuwa nangoja nione kama utasema. Aqeel ameniambia nisizidishe ishirini na tano."

"Sisi tumesema thelathini."

"Na ufa ule?"

"Ufa nimeshautoa. Bila ufa ningesema thelathini na moja."

"Ishirini na sita."

"Hiyo ni bei ya ile ya vyumba vinne kule nyuma, paa la zamani, haina kisima. Misumari ya kuliziba lile paa walinunua kwa mwanao. Muulize."

"Wewe!" Bi Sugra alipiga fimbo chini kwa furaha. "Umekaa humu ndani unajua misumari ya nani iko juu ya paa la nani?"

"Ndani kuna nafasi ya kufikiri."

Walikwenda hivyo, wakipanda na kushuka, na mimi nawatilia chai. Mwisho Bi Sugra akavuta pumzi. "Haya. Ishirini na tisa, mambo yaishe. Nyumba, kisima na minazi yake."

Mama aliacha kusuka. "Minazi ipi?"

"Si hii kumi na miwili? Imeandikwa." Bi Sugra akavaa miwani, akatoa simu, akasoma tangazo langu kwa sauti, neno kwa neno.

Mama akanigeukia. "Nani kaandika?"

"Mimi, mama."

Lazima nieleze, maana asiyetoka huku hataelewa aibu niliyoipata. Kwetu Mafia ardhi ni kitu kimoja na mnazi ni kitu kingine. Mtu anaweza kuwa na kiwanja na minazi iliyomo ikawa ya mwingine, na wakaishi hivyo mpaka wajukuu. Minazi ile kumi na miwili ilikuwa mahari ya mama. Babu alikuwa ameipanda, baba akapewa, na siku ya ndoa baba akamkabidhi mama. Tangu utoto wangu nimesikia ikiitwa minazi ya mama. Lakini pia jiko liliitwa jiko la mama, na kisima kisima cha mama, na nilidhani maana ni ile ile. Kwa mkono wangu mwenyewe nilikuwa nimeitia mahari ya mama yangu katika mirathi ya baba yangu, ikagawiwe na shemeji yake.

"Shemeji!" baba mdogo akapaza sauti kutoka ukumbini. "Minazi inakwenda na nyumba! Usituharibie, watu wameshafika ishirini na tisa!"

"Shemeji, cheti changu cha ndoa unakikumbuka?"

"Cha mwaka tisini na nne? Nitakikumbukaje?"

"Warda, kilete."

Kilikuwa ndani ya msahafu wa baba. Mama akaniambia nikisome kwa sauti ili waliopo nje wasikie. Nikasoma jina la bwana harusi, la bibi harusi, la walii. Nikasoma: "Mahari: minazi kumi na miwili iliyopo Miburani. Imekabidhiwa."

"Endelea. Mashahidi."

"Shahidi wa pili," nikasoma, "Mfaume."

"Hiyo sahihi ni ya nani, shemeji?"

"Yangu," baba mdogo alisema polepole.

"Ulisoma ulichotia sahihi?"

"Shemeji, wallahi siku ile nilikuwa nawaza pilau."

Bi Sugra alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi. Lakini alipoirudisha usoni hakuwa anacheka tena. Aqeel alikuwa ameshasimama mlangoni, upande wa pili wa pazia.

"Mama, twende. Wametuandikia minazi, sasa wanaitoa. Hawa wanatuchezea."

"Mwanangu ana haki," Bi Sugra alimwambia mama. "Mimi nilikuwa nanunua kitu kimoja kwa mtu mmoja. Sasa naambiwa ni vitu viwili vya watu wawili. Ishirini na tisa imekufa."

Akashika fimbo yake kuinuka. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Niliona Ndagoni ikiondoka, kuta na paa, kwa ajili ya maneno manne niliyoyaandika kwa kujisifu.

Mama hakuinua sauti. "Ana haki. Tangazo lina kosa, kosa ni letu, na nakuomba radhi. Lakini usiondoke kabla sijakueleza, ili ukiondoka uondoke unajua. Nyumba, kiwanja na kisima ni vya warithi wa Luqmani, milioni ishirini na nane. Minazi ni yangu. Kumi na mmoja inazaa. Mmoja umeliwa na mdudu chonga, huo sikuuzii, nakupa bure ukaukate kuni. Kumi na mmoja ni laki moja moja. Na kama hutaki minazi, usinunue. Nunua nyumba, minazi ibaki yangu, na kila miezi mitatu nitakuja na mkwezi wangu kuangua."

"Utakuja hapa?"

"Nitakuja. Nitakaa barazani kwa mpangaji wako mpaka amalize mti wa mwisho. Nitakunywa na chai yake."

Bi Sugra akairudisha fimbo yake kando ya kitanda. "Yaani niinunue nyumba na wewe ndani yake."

"Na mkwezi."

"Aqeel!" Bi Sugra akaita bila kugeuka. "Ishirini na nane, uongeze milioni moja na laki moja."

"Mama! Tulisema ishirini na tano!"

"Tulisema kabla sijaingia humu ndani. Uwe na watoto wako kwanza, ndipo unifundishe bei." Akamgeukia mama, na sauti yake ikashuka. "Ya nyumba watapewa warithi. Ya minazi nitakupa mimi mkononi mwako. Mahari ya mwanamke haipiti mfukoni kwa shemeji. Na mimi sitaki kulala nikijua nimekula mahari ya mjane kwa kosa la mtoto katika simu."

Aqeel akauliza kutoka nje lini atakabidhiwa. Mama akasema siku thelathini na saba, eda ikiisha. Aqeel akaanza kusema habari za mpangaji anayengoja. Mama yake akamkata: "Baba yako alipofariki, angekuja mtu kunitoa ndani ya eda, wewe ungefanya nini?" Na hilo likaisha.

Tukaandika karatasi mbili mbele ya mwenyekiti wa kitongoji: moja ya nyumba, aliyotia sahihi baba mdogo kwa niaba ya warithi, na moja ya minazi, aliyotia sahihi mama, niliyompelekea chumbani na kalamu. Sehemu ya fedha ililipwa siku ile, nyingine siku ya kukabidhi. Baba mdogo alisoma kila neno mara mbili kabla ya kutia sahihi, na watu wakamcheka. Naye alikuwa na sababu ya kucheka pia, maana fungu lake lilizidi lile la dalali kwa zaidi ya milioni tatu. Alikuja kusimama nje ya pazia akasema, "Shemeji, nimekosa. Nilikuwa na haraka." Mama akamwambia, "Ulikuwa na msiba." Akamwambia pia anunue mashine mpya, asinunue iliyokwisha tumika.

Baada ya kurudisha zile laki saba na kugawana, thumuni ya mama ilitoka milioni tatu, laki nne, elfu kumi na mbili na mia tano. Pamoja na ya minazi, alikuwa na paa lake, na elfu kumi na mbili na mia tano juu yake.

Eda ilikwisha siku ya Jumapili. Alioga, akavaa buibui jipya nililomletea, akamsomea baba Fatiha katika kile chumba cheupe. Jumatatu asubuhi tulipanda pikipiki mbili kwenda Ndagoni. Fundi Makame alikuwa anatungoja kiwanjani na futi yake. Akatuamkia, akatupa pole, kisha akakuna kichwa.

"Mama, ile hesabu ya milioni nne na nusu, unajua, ni ya zamani kidogo. Mabati yamepanda. Sasa ni kama milioni tano."

"Yamepanda lini?"

"Hivi karibuni."

"Juzi nimemuuliza Bi Sugra. Mwanawe ndiye anayeyauza. Ni bei ile ile."

Fundi alitazama chini, akatazama pikipiki, akatazama mimi kama nitamsaidia. "Lakini ufundi nao, mama..."

"Ufundi tulishapatana ukiwa hunijui. Sasa unanijua, unataka kunizidishia?" Mama akainama, akafunua makuti, akaanza kuhesabu matofali. "Pima, baba. Mvua za masika zinakuja."

Fundi akaivuta futi yake, akanipa mwisho mmoja nishike.